Zamu ya Asubuhi: Risala ya Wazazi wa Sindano kwa Daktari Dima

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Daktari Dima Sora, Mwenyekiti wa Baraza la Wafugaji; wasimamizi wa kliniki; mashekhe na wachungaji; wazazi wenzetu; watoto wetu:

Saa moja na robo asubuhi ya leo, huko Rapsu, msichana wa miaka tisa aitwaye Tari Kalicha alitobolewa kidole na mama yake na kupimwa sukari. Mashine ilionyesha ishirini na nne. Kabla ya kula, nambari hiyo haitakiwi kupita nane. Mtoto mwenye nambari kama hiyo huchomwa sindano ya insulini kwanza, ndipo ale. Tari hakuchomwa. Alipewa kikombe cha maziwa ya ngamia. Alikinywa chote, akaomba maji, akanywa, akaomba tena.

Salaam aleikum. Habari za asubuhi.

KUKUKARIBISHA

Tunajua kwamba risala haianzi hivyo. Wasimamizi wa sherehe hii walitupa mfano wa kufuata, nasi tuliusoma wote. Ulikuwa na aya moja ya kukukaribisha, aya mbili za kukushukuru, na mwishoni nafasi ya kutaja changamoto, ambayo ingetosha sentensi mbili kama mwandiko ni mdogo. Mwandiko wetu si mdogo. Tunawaomba radhi wasimamizi, na tunasema mbele ya watu kwamba hawakuyaona maandishi haya kabla ya kusomwa. Asilaumiwe yeyote kati yao.

Mheshimiwa, tunakukaribisha. Chumba hiki cha kliniki ya watoto wenye kisukari, ambacho leo utakikatia utepe, ni chumba tulichokiomba kwa muda mrefu, na tunafahamu kwamba sauti yako ilisaidia kikapatikana. Hilo ni kweli na tunakushukuru. Hatutarudia shukrani hiyo tena katika risala hii, si kwa sababu ni ndogo, bali kwa sababu wakati ni mchache na kuna mtoto anayesubiri.

SISI NI NANI

Sisi ni wazazi na walezi wa watoto wenye kisukari cha aina ya kwanza katika mji wa Isiolo na vijiji vya mbali. Kati yetu kuna Waborana, Wasomali, Waturkana wa soko la mifugo na Wameru. Yupo fundi wa kuchomelea vyuma, wapo walimu, wapo wauza maziwa ya ngamia. Ndiyo, Mheshimiwa, wauza maziwa ya ngamia, na mmoja wao ndiye anayesoma risala hii. Kwa hiyo atakayesema baadaye kwamba tunayapiga vita maziwa, atakuwa anasema jambo analojua si kweli.

Jina letu hatukulichagua. Kila siku ya kliniki mlinzi wa getini alikuwa akimwita mwenzake ndani: "Fungua, wale wazazi wa sindano wamefika!" Tulikasirika kwanza. Kisha tuliona hakuna jina linalotueleza vizuri zaidi.

Kila mmoja wetu anaikumbuka siku alipoambiwa. Kabla ya siku hiyo tulikuwa na majina mengine ya ugonjwa huo. Mtoto alikunywa maji kupita kiasi, tukasema ni joto. Alikojoa kitandani, tukasema ni uvivu wa kuamka. Alikonda, mashangazi wakasema ni jicho baya. Alitapika na kupumua kwa kasi, tukasema ni malaria, na hata baadhi ya wenye makoti meupe walisema ni malaria. Halafu mtu mmoja akamtoboa kidole, akatazama mashine, na uso wake ukabadilika.

Tunaomba sentensi zinazofuata zisikilizwe kwa makini, kwa sababu mambo yote mengine yanazitegemea. Ugonjwa huu mtoto haupati kwa kula sukari nyingi. Ni kwamba kongosho lake limeacha kutengeneza insulini. Bila insulini mwili hauwezi kutumia chakula, hata akila vipi. Insulini haipiti tumboni, kwa sababu tumbo huisaga kama linavyosaga nyama. Lazima ichomwe. Mtoto wa namna hii akikosa sindano kabisa, hufa. Haifiki mwaka, haifiki mwezi.

TULIYOYAFANYA

Hatukukaa tukilia. Insulini inaharibika kwenye joto, na kwetu joto ndilo hali ya hewa ya kawaida. Wale wasio na umeme tuliwafundisha kuweka chungu kidogo ndani ya chungu kikubwa, katikati mchanga uliolowa, juu kitambaa kibichi. Kule Chechelesi, mwenzetu Lul ana duka lenye friji ya soda, na rafu yake ya chini kabisa ni ya dawa za watoto wetu. Amebandika karatasi: HII SI YA KUNYWA. Wateja humtania: "Mama Lul, nipe ile baridi ya chini!" Naye huwajibu: "Leta kidole kwanza nikitoboe." Watu wamezoea. Hakuna chupa iliyowahi kupotea.

Tulizungumza na mashekhe kuhusu Ramadhani, nao wakatangaza msikitini kwamba mtoto wa sindano hafungi na asichekwe. Tulizungumza na wachungaji kuhusu maombi ya kufunga, nao wakakubali vivyo hivyo. Tulikwenda shuleni kuwaomba walimu wamruhusu mtoto ale darasani anapoanza kutetemeka. Mwalimu mmoja aliuliza, "Na wengine wakitaka kula pia?" Mwenyekiti wetu, Ewesit, ambaye ndiye fundi wa vyuma, alimjibu: "Mwalimu, wengine wakitetemeka pia, wape." Siku hizi binti yake Nakal hubeba ndizi na sindano kwenye mkoba mmoja, na darasa zima linajua ipi ni ya nini.

Tulikuwa tumefika hapo. Hatukuwa na mengi, lakini watoto walikuwa wakichomwa asubuhi na jioni, na walikuwa wakikua.

MANENO YA UWANJANI

Mwaka jana, kwenye maonyesho ya maziwa ya ngamia, ulisimama katika uwanja wa mji huu ukahutubia. Redio ya hapa ilirusha hotuba yako moja kwa moja, kisha ikairudia kwa wiki nzima. Sauti hiyo tunayo. Tumeisikiliza mara nyingi, pamoja, ili tusikusingizie hata neno. Ulisema hivi:

"Nyinyi wenye sukari, acheni kujichomachoma kama nguo kwa fundi cherehani! Maziwa yetu yana insulini yake ndani. Kikombe asubuhi, kikombe jioni, sindano tupeni chooni!"

Watu walicheka. Kwenye sauti hiyo kicheko kinasikika muda mrefu, na makofi, na mama mmoja anapiga vigelegele. Kesho yake bei ya maziwa ilipanda, nasi wauza maziwa tukafurahi. Kwa siku mbili tatu tulidhani ni mzaha wa jukwaani tu.

Shuleni mzaha ulifika kabla yetu. Nakal aliporudi nyumbani alimwuliza baba yake, "Kwani mimi ni nguo?" Watoto walikuwa wakimpigia kelele getini: "Fundi! Fundi! Umeshonwa leo?" Hilo lilituumiza, lakini mtoto hafi kwa kuchekwa.

Sabdio alikufa. Alikuwa mvulana wa miaka kumi na mitatu, wa Merti, anayependa sana mpira na anayejichoma sindano mwenyewe bila kusaidiwa. Nyumbani kwao redio ilikuwa imewashwa siku ya hotuba yako. Sindano zilitupwa chooni, kama ulivyosema. Alipoanza kutapika waliongeza maziwa. Alipoanza kupumua kwa kasi walitafuta gari, wakapata lori la mbuzi lililokuwa likija Isiolo, na Sabdio akakata roho kabla lori halijafika lami. Mama yake alipotuona kwenye matanga alisema maneno haya, nasi tuliyasikia wote: "Tulimpa asubuhi, tulimpa jioni. Hatukuruka hata mara moja. Tulikosea wapi?"

Leo tunajibu: mama huyo hakukosea. Alitii.

Tunapenda kusema lililo kweli na kuishia hapo. Hatuwezi kuthibitisha kwamba hotuba yako ndiyo sababu pekee ya kifo hicho. Barabara ilikuwa mbovu na lori lilikawia. Tunachoweza kuthibitisha ni kwamba kabla ya hotuba Sabdio alikuwa akichomwa na alikuwa hai, kwamba baada ya hotuba aliachishwa, na kwamba waliomwachisha walitumia maneno yako yenyewe walipotueleza sababu.

Baada ya matanga, Ewesit alifika ofisini kwako. Ulimpokea vizuri, ukamwagizia chai. Alituletea mazungumzo yenu neno kwa neno, na kama amekosea utatusahihisha sasa hivi.

Ulisema: "Ewesit, ndugu yangu, mimi nilikuwa natia watu moyo. Soko lilikuwa limelala. Mtu mzima anajua mzaha ni mzaha."

Akasema: "Daktari, Sabdio hakuwa mtu mzima."

Ukasema: "Pole. Lakini nikianza kurudi nyuma kwa redio, watu watasema maziwa ina sumu. Unataka niue soko?"

Akasema: "Nataka uniambie kipi kinaweza kufufuka kati ya soko na mtoto."

Msaidizi wako aliingia akasema kuna wageni. Chai haikumalizika.

Tumengoja tangu wakati huo. Hukurudi redioni. Badala yake tulipata barua kwamba utakuwa mgeni rasmi wa kliniki yetu, pamoja na ahadi ya fulana kwa kila mtoto. Watoto wamezivaa, unawaona. Zimeandikwa "Afya Kwanza" kifuani, na mgongoni kuna picha ya ngamia.

KWA NINI MZEE HUQA ANAKUAMINI WEWE

Sasa turudi Rapsu. Babu yake Tari anaitwa Mzee Huqa. Katika nyumba ile neno lake ndilo la mwisho. Baba wa mtoto, Kalicha, yuko na ngamia ng'ambo ya Merti, mahali ambapo simu hushika akipanda kilima, na tulipompata alisema, "Neno la baba ndilo neno langu."

Wengine mjini wanasema Mzee Huqa ni mjinga, eti hajui tofauti kati ya daktari wa wanyama na daktari wa watu. Hilo si kweli, na tunalikataa kwa niaba yake. Anajua vizuri kabisa kwamba wewe ni daktari wa mifugo. Ndiyo sababu anakuamini. Maradhi ya ngamia yalipopita kwenye malisho yao, wewe ulikuwa kijana uliyetoka masomoni. Ulilala nje pamoja nao, ukala walichokula, ukawachanja ngamia mmoja mmoja usiku na mchana. Kundi la Mzee Huqa lilipona. Amewasimulia wajukuu habari hiyo mpaka wanaijua kwa moyo. Nesi wetu, Florence, alipofika mara ya kwanza kumweleza kuhusu insulini, mzee alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwuliza kwa upole: "Dima aliokoa ngamia yangu. Wewe, binti, umeokoa nini yangu?"

Mheshimiwa, ngamia wale uliwaokoa kwa sindano. Hukuwapa maziwa.

Kuna jambo la pili, nalo ndilo lililotuleta hapa. Mzee Huqa ndiye anayegawa zamu za maji ya mfereji katika mashamba ya Rapsu. Kabla ya mashamba aligawa zamu za visimani, kazi ambayo mwenye nayo Waborana humwita aba herega. Wewe ni Mborana, huhitaji kuelezwa, lakini wageni waliopo wajue: mtu huyu ndiye huamua mifugo ya nani inywe lini, na watu wenye kiu na silaha humtii, kwa sababu hajawahi kumpa mtu zamu ya mwingine. Aliyepewa zamu ni yeye tu anayeweza kuiachia. Bila sheria hiyo, pale kisimani pangemwagika damu.

Dahabo, mama yake Tari, alikataa kuzitupa sindano. Aligombana na wifi zake, akagombana na jirani, na mgogoro ukafika kwa mzee kama migogoro yote inavyofika kwake. Naye aliuamua kama alivyoamua migogoro maisha yake yote. Alisema kuna madai mawili juu ya mtoto huyu, ya Dima na ya nesi, na hakuna atakayeondoka mikono mitupu. Asubuhi akaipa maziwa. Jioni akaipa sindano.

Tangu hapo Tari anaishi nusu. Nusu hiyo inamweka hai na inamkondesha. Amefunguliwa tundu jipya la mkanda wa sare kwa msumari. Macho yake yanaona ukungu ubaoni, na darasani amehamishiwa dawati la mbele.

Mtatuuliza kwa nini hatukutumia nguvu. Zilitumika. Mwezi uliopita chifu alikwenda na askari, wakatoa amri, wakaondoka. Jioni ileile Tari alipelekwa malishoni, ambako hakuna sindano ya asubuhi wala ya jioni. Siku ya tatu alirudishwa akitapika, akalazwa, akapona kwa shida. Mzee alikaa kando ya kitanda chake muda wote, hakula. Aliporudi nyumbani aliurudisha uamuzi wake vilevile: asubuhi maziwa, jioni sindano. Tangu hapo hatutaki kuona askari karibu na mtoto huyo.

Jana Ewesit na Florence walikwenda kulala Kinna, na leo alfajiri wakafika Rapsu kwa pikipiki. Walishuhudia kipimo tulichokitaja mwanzoni. Florence amepima pia mkojo, na umeonyesha dalili za mwanzo za hatari ileile iliyomuua Sabdio. Anasema mtoto anaweza kusubiri saa chache. Hasemi zaidi ya hapo. Ewesit ametueleza kwa simu walivyozungumza na mzee, nasi tumeandika kama tulivyosikia.

Florence alisema: "Mzee, damu ya Tari haijui zamu. Inataka asubuhi pia."

Mzee akasema: "Kila mtu kwa mfereji husema shamba yake inataka. Jioni ni yako, binti. Kuna mtu amekuibia jioni?"

"Hapana."

"Basi."

Dahabo akasema, akimwita babu kwa Kiborana: "Akako, mtoto anakwisha."

"Naona, mama Tari. Mimi si kipofu."

"Kama unaona, mpe nesi asubuhi."

"Ni yangu, hiyo asubuhi? Ni ya Dima. Nikichukua ya mtu akiwa hayuko, kesho nitagawa maji nikiwa na uso gani?"

Ewesit akamwuliza: "Na Dima mwenyewe akiacha?"

Anasema mzee alimtazama mjukuu wake aliyekuwa ameegemea ukuta na kopo la maji. Kisha akasema: "Akiacha kwa mdomo wake, nikisikia kwa sikio langu, hiyo ni kitu ingine. Lakini huyo mtu ni mkubwa sasa. Atakubali kuongea na mzee wa mfereji?"

Hilo ndilo swali lililotumwa kwako kutoka Rapsu. Tumelifikisha.

OMBI

Vikundi huja mbele ya mgeni rasmi na orodha. Sisi hatukuja na orodha. Hatuombi friji, Lul anayo. Hatuombi fulana nyingine. Hatukuombi hata uombe radhi. Hilo ni kati yako na mama yake Sabdio, na nyumba yake unaweza kuulizia, iko Merti, watu wataionyesha.

Tunaomba uiachie zamu ya asubuhi.

Tunajua utakachofikiria, kwa sababu tumekufikiria kwa muda mrefu. Utafikiria soko. Sisi wauza maziwa tunakuambia: tutaendelea kuyauza, na watoto wetu wenyewe huyanywa, baada ya sindano, na kiasi chake kikihesabiwa kama chakula kingine chochote. Maziwa ni chakula kizuri. Hayakuwa na aibu yoyote mpaka yalipopewa kazi yasiyoiweza. Utafikiria pia heshima yako. Hapo hatuna la kukufariji. Ulipata heshima malishoni kwa kufanya jambo la kweli, ukaitumia uwanjani kusema jambo lisilo kweli, na sasa inatumika kumkausha mtoto. Wenye elimu zaidi yako wameshasema, na hawakusikilizwa. Nesi amesema. Chifu ameamuru. Mama amelia. Mtu mmoja tu ndiye anayeweza kuliondoa neno hili, naye ni yule aliyeliweka.

Mwandishi wa redio ileile yupo hapa, pale karibu na spika, mwenye shati la kijani. Tulimwomba aje na amekubali kurekodi. Utakapomaliza na Rapsu, tunataka useme kwenye kinasa chake, kwa Kiswahili na kwa Kiborana, kwamba mtoto wa kisukari asiachishwe sindano, na kwamba uliposema vinginevyo ulikosea. Watangazaji wenyewe watatafuta wa kulisema kwa Kisomali na Kiturkana. Wimbo wa makaribisho umeondolewa kwenye ratiba ili nafasi ipatikane. Watoto walioufanyia mazoezi wametusamehe. Utepe unaweza kusubiri.

Ukikataa, hatutapiga kelele wala kukuzuia. Tutakaa kimya, wewe utakata utepe, na kila mtu aliyepo hapa atakwenda nyumbani akijua alichokiona.

DUA

Mwenyezi Mungu awape watoto hawa asubuhi nyingi na jioni nyingi. Amrehemu Sabdio. Ampe Dahabo nguvu, na Mzee Huqa uamuzi ulio mwepesi moyoni mwake. Nawe, Daktari, akupe ulimi uliokuwa nao ulipolala malishoni pamoja na ngamia wa watu.

Ni sisi, Wazazi wa Sindano, Isiolo. Imesomwa kwa niaba yao na katibu, Zeinab Guleid.

Mheshimiwa, kuna neno moja zaidi ambalo halimo kwenye karatasi. Simu iliyo juu ya meza yako, hiyo yenye kifuniko chekundu, ni yangu. Mwenzangu ameipiga Rapsu nilipokuwa nikisoma dua. Ni saa nne na dakika tano. Ewesit amepokea. Florence ameshaitoa insulini kwenye chungu. Mzee Huqa ameichukua simu, ameambiwa uko hapa, na amesema: "Mpeni Dima."